Kwa nini ninaanza kufundisha biolojia ya wanyama kwa damu

Vitabu vingi vya utangulizi wa biolojia ya wanyama hupangwa kwa namna moja. Huanza na seli, vikaingia kwenye DNA na urithi, vikapita katika mageuko na uainishaji wa wanyama, na mwishoni kabisa ndipo vinafika kwenye mapafu, moyo, figo na neva. Msomaji anayeifikia sura ya moyo huwa ameshaisahau sura ya jeni, wala hakuna anayemkumbusha, kwa sababu sura hizo mbili huandikwa kana kwamba ni za masomo mawili yasiyofahamiana. Matokeo yake tunampata mwanafunzi anayeweza kupiga hesabu za urithi bila kosa, anayeweza pia kutaja vyumba vinne vya moyo wa mamalia na kazi ya kila kimoja, lakini ukimwuliza ni kwa njia gani badiliko dogo katika jeni linaweza kumfanya mtu aishiwe pumzi anapopanda ngazi, hana pa kuanzia.

Nimefundisha utangulizi huu kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo juu yake. Naona ni bora kuchagua protini moja na kuifuata tangu kwenye jeni yake hadi kwenye mwili wa mnyama anayekimbia, anayeruka au anayeogelea, na kuyaacha mengine yote yaingie njiani yanapohitajika. Protini ninayoichagua mimi ni himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni. Hakuna protini nyingine ninayoijua ambayo njia yake yote, kutoka herufi za DNA hadi mpigo wa moyo, imechunguzwa kwa ukamilifu kama hii.

Tuanze na hesabu. Maji ya damu peke yake, yaani plazima bila seli, yakikutana na hewa ndani ya mapafu ya binadamu hubeba takribani mililita 3 za oksijeni kwa kila lita. Lita moja ya damu kamili hubeba takribani mililita 200. Tofauti hiyo karibu yote ni kazi ya himoglobini, na bila hiyo hakuna moyo wa mamalia ambao ungeweza kusukuma damu ya kutosha kumwezesha mwenyewe hata kusimama. Wadudu wameikwepa hesabu hii kwa kuifikisha hewa yenyewe karibu na kila seli kupitia mirija midogo iliyotanda mwilini. Pweza na kaa hutumia protini nyingine, himosiyanini, ambayo ina shaba mahali pa chuma na hugeuka rangi ya buluu inapokamata oksijeni. Sisi wenye uti wa mgongo, isipokuwa kundi moja nitakalolitaja baadaye, tunategemea chuma.

Baada ya hesabu huenda kwenye hadubini. Tone la damu ya kuku likitandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi, huonekana seli zenye umbo la yai, na katikati ya kila moja kiini kilichokolea rangi ya zambarau. Damu ya binadamu kwenye kioo cha pili inaonyesha kitu kingine: visahani vya mviringo, vidogo zaidi, visivyo na kiini, vyenye weupe katikati kwa sababu hapo seli imebonyea na kuwa nyembamba. Samaki, vyura, mijusi na ndege huvibakiza viini katika seli zao nyekundu, mamalia hawavibakizi. Mara nyingi kuna mwanafunzi anayelikamata tatizo mapema na kuuliza: ikiwa seli hii haina kiini, haina DNA, na ikiwa haina DNA, maagizo ya kutengeneza himoglobini yaliyojaa ndani yake yalitoka wapi? Swali hilo nalithamini kuliko jibu lolote la mtihani, kwa sababu anayeliuliza ameshaanza kuona kwamba jeni na damu ni habari moja.

Jibu liko ndani ya mifupa. Seli nyekundu huzaliwa kwenye uboho ikiwa na kiini kamili kama seli nyingine. Katika siku zake za mwanzo hunakili jeni za himoglobini kuwa RNA, yaani nakala ya muda ya maagizo ya DNA, tena kwa wingi kuliko karibu jeni nyingine yoyote, na RNA hiyo husomwa ili kuunganisha minyororo ya protini. Maandalizi yanapokaribia kukamilika, seli hukisukuma kiini chake nje, kikamezwa na seli za jirani, nayo ikaingia kwenye mkondo wa damu ikiwa na molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Kuanzia hapo haiwezi kujikarabati wala kugawanyika. Huishi siku 120 hivi, ikijipinda na kujipenyeza kwenye vishipa vyembamba kuliko upana wake, kisha huchoka na kuondolewa. Ili kufidia zinazokufa, uboho wa mtu mzima hutoa seli nyekundu mpya zaidi ya milioni 2 kila sekunde.

Jeni zenyewe ziko mahali pawili. Kwa binadamu, jeni za mnyororo wa alfa ziko kwenye kromosomu ya 16, na jeni ya mnyororo wa beta iko kwenye kromosomu ya 11. Herufi za DNA husomwa tatutatu, na kila kundi la herufi tatu hutaja asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini; alfa ina asidi amino 141 na beta ina 146. Molekuli moja ya himoglobini huundwa na alfa mbili na beta mbili, na kila mnyororo hushikilia kipande kidogo kiitwacho himu, chenye atomu moja ya chuma ambayo ndiyo inayokamata oksijeni. Kwa hiyo kila molekuli ina nafasi nne. Kromosomu hizo mbili hazina uhusiano wa karibu, lakini uzalishaji wao lazima ulingane, kwani upande mmoja ukipungua, minyororo ya upande wa pili hurundikana na kuiharibu seli. Huo ndio msingi wa magonjwa ya damu ya kurithi yaitwayo talasemia.

Kwa nini nne? Hapa ndipo ninapopunguza mwendo, maana hapa ndipo umbo la molekuli linapogeuka kuwa fiziolojia. Max Perutz alianza kuichunguza himoglobini kwa miale ya eksirei huko Cambridge katika miaka ya 1930, na ilimchukua zaidi ya miaka 20 kufikia picha ya kwanza ya umbo lake, mwaka 1959. Mwaka 1962 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia na John Kendrew, aliyekuwa ameonyesha umbo la mayoglobini, protini ya misuli yenye mnyororo mmoja tu na himu moja. Kuziweka protini hizi mbili bega kwa bega ndiyo njia ya kuelewa. Mayoglobini hukamata oksijeni kwa nguvu na huiachia pale tu inapokaribia kwisha kabisa kwenye msuli. Ni ghala zuri, lakini ingekuwa mchukuzi mbaya, kwa sababu ingepokea mzigo mapafuni na kurudi nao mapafuni.

Himoglobini ina hali mbili. Isipokuwa na oksijeni, minyororo yake minne hushikana kwa namna inayoifanya iwe nzito kupokea. Oksijeni ya kwanza inaponasa kwenye chuma, chuma husogea kidogo sana, kikauvuta mnyororo wake, mnyororo ukayasukuma majirani, na molekuli nzima ikageuka kuelekea hali ya pili iliyo nyepesi kupokea. Oksijeni zinazofuata huingia kwa urahisi zaidi kuliko ya kwanza. Wakati wa kuachia, mambo huenda kinyume: ya kwanza ikitoka, nyingine hufuata kwa wepesi. Ndiyo maana katika mapafu, ambako shinikizo la oksijeni ni milimita 100 hivi za zebaki, himoglobini hujaa kwa takribani asilimia 98. Katika mwili uliopumzika, ambako shinikizo ni 40 hivi, hubaki na takribani asilimia 75. Na ndani ya msuli unaofanya kazi kwa bidii, shinikizo likishuka hadi 20, hubaki na karibu theluthi moja tu. Msuli unaohitaji zaidi hupewa zaidi, wala hakuna neva iliyotoa amri.

Kuna ngazi ya pili ya mpango huo. Mwaka 1904 mwanafiziolojia Christian Bohr na wenzake huko Copenhagen, August Krogh akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba kaboni dioksidi hupunguza uwezo wa damu kuishikilia oksijeni. Msuli unaofanya kazi hutoa kaboni dioksidi, nayo ikiingia kwenye damu huongeza asidi. Asidi hiyo hujishikiza kwenye sehemu maalumu za minyororo ya himoglobini na kuisukuma kuelekea hali ya kuachia. Taka za msuli, kwa maneno mengine, ndizo zinazoita oksijeni. Damu inaporudi mapafuni kaboni dioksidi hutoka, asidi hupungua, na mshiko hurejea. Ninapofika hapa huwakumbusha wanafunzi kwamba kila sehemu iliyotajwa, kila asidi amino inayopokea asidi au kuisukuma jirani yake, imeandikwa kwa herufi tatu mahali fulani kwenye kromosomu ya 11 au ya 16. Hakuna sehemu ya maelezo haya iliyo ya fiziolojia peke yake.

Ushahidi mzito kuliko wote ni ugonjwa wa selimundu, na nitakaa nao kidogo. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza kuhusu mgonjwa mwenye upungufu wa damu ambaye seli zake nyekundu zilikuwa zimejipinda kama mundu. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa husafiri tofauti na ya kawaida inapowekwa kwenye uga wa umeme, kumaanisha kwamba chaji yake ni tofauti, na wakauita ugonjwa wa molekuli. Kisha Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge mwaka 1956 na 1957, akaikata protini vipandevipande na kukuta tofauti iko mahali pamoja tu: asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta, ambayo kwa kawaida ni asidi ya glutamiki, imekuwa valini. Kwenye DNA, GAG imekuwa GTG. Ni herufi moja.

Sasa ifuate herufi hiyo. Asidi ya glutamiki ina chaji na hupenda maji. Valini haina chaji na huyakimbia maji. Himoglobini inapokuwa na oksijeni, valini hiyo haileti madhara makubwa. Inapoachia oksijeni na kubadili umbo, hufunguka kijishimo juu ya molekuli ambacho valini ya molekuli jirani huingia sawasawa. Molekuli hushikana moja baada ya nyingine, zikafanya nyuzi ndefu ngumu, nyuzi zikaivuta seli hadi ikawa na umbo la mundu. Seli ngumu haipiti kwenye vishipa vyembamba. Huziba, na sehemu iliyo mbele hukosa oksijeni. Ukosefu wa oksijeni huzifanya seli zaidi zijipinde. Hapo ndipo yanapotoka maumivu makali ya mifupa, kiharusi kwa watoto, na kuharibika kwa wengu na figo. Seli hizo huishi kati ya siku 10 na 20 badala ya 120, uboho hushindwa kwenda na kasi hiyo, na mgonjwa huishiwa damu. Yule anayechoka kwa kupanda ngazi, niliyemtaja mwanzoni, ameelezwa kikamilifu, kuanzia herufi moja hadi goti linalouma.

Aliyerithi jeni hii kwa mzazi mmoja tu huwa na himoglobini za aina zote mbili ndani ya kila seli, na kwa kawaida huishi bila dalili. Wazazi wawili wa namna hiyo, katika kila ujauzito, wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wenye nakala moja wamekingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hii imebaki kwa wingi mahali ambapo malaria imekaa muda mrefu. Wanafunzi huambiwa kwamba jeni huwa tawala, ambayo nakala moja inatosha kuonekana, au fiche, ambayo huhitaji nakala mbili. Mfano huu unaonyesha kwamba jibu hutegemea unachotazama: kwa ugonjwa, jeni hii ni fiche, kwa kinga dhidi ya malaria, nakala moja inatosha, na ukiipima himoglobini yenyewe, nakala zote mbili zinaonekana waziwazi.

Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson alitambua kwamba vichanga waliorithi selimundu hawaonyeshi dalili katika miezi ya mwanzo. Sababu ni kwamba kijusi hutumia mnyororo wa beta kidogo tu. Hutumia zaidi mnyororo wa gama, wenye jeni yake karibu na ya beta kwenye kromosomu ileile, na himoglobini inayotokana nao huishika oksijeni kwa nguvu zaidi ya ile ya mama, kwa hiyo kwenye kondo la nyuma oksijeni huvuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Baada ya kuzaliwa, jeni ya gama hunyamazishwa hatua kwa hatua na ya beta hushika nafasi. Miongo mingi baadaye ilifahamika kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo yenye sehemu kubwa katika kunyamazisha huko. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba inayotumia mkasi wa jeni wa CRISPR kuipunguza BCL11A katika seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, ili gama irudi kazini. Kosa lenyewe la herufi moja halikuguswa. Mgonjwa bado lazima apitie dawa kali za kuusafisha uboho wake kwanza, na gharama yake ni kubwa mno kwa wengi wanaoihitaji; jambo hilo linanihuzunisha, kwa kuwa sayansi yenyewe ni miongoni mwa nzuri nilizowahi kuzifundisha.

Kuhusu wanyama wengine, nina sababu ya kuanza na bata bukini wa milima ya Himalaya, mwenye mistari miwili myeusi kichwani. Anapohama hupita juu ya mita 5,500, kimo ambacho shinikizo la hewa ni nusu ya lile la usawa wa bahari, na amewahi kupimwa akiruka zaidi ya mita 7,000. Katika mnyororo wake wa alfa, asidi amino ya 119 imebadilika kutoka prolini kuwa alanini, mgusano mmoja kati ya minyororo umepotea, na himoglobini yake huishika oksijeni kwa nguvu zaidi. Lakini badiliko hilo peke yake halimfikishi juu. Ana mapafu ya ndege, ambamo hewa hupita upande mmoja tu bila kurudi ilikotoka, na misuli yake ina vishipa vingi vya damu.

Wanafunzi wengi huchanganya habari hii na ile ya mtu wa pwani anayekwenda kukaa mlimani. Huyo jeni zake hazibadiliki. Figo zake hutambua uhaba wa oksijeni na kutoa homoni ya erithropoietini, inayouhimiza uboho kuongeza seli nyekundu. Namna seli zinavyotambua uhaba huo ndiyo iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Akiteremka, hali hurudi ilivyokuwa, na watoto wake hawarithi chochote. Watu wa Tibet, waliokaa juu kwa vizazi vingi, wana aina ya jeni ya EPAS1 inayozuia seli nyekundu zisiongezeke kupita kiasi, kwa sababu damu nzito huutesa moyo.

Nilisema kuna wenye uti wa mgongo wasiotegemea chuma hiki. Ni samaki wa barafu wa bahari ya Antaktika, spishi 16 hivi, ambao damu yao haina rangi. Mwanabiolojia wa Norway, Johan Ruud, alieleza kisayansi mwaka 1954 kwamba damu yao haina himoglobini, na uchunguzi wa DNA uliofuata ulikuta kwamba kwa karibu spishi zote jeni ya beta imefutika kabisa, huku kikisalia kipande cha jeni ya alfa kisichoweza kufanya kazi. Damu yao hubeba chini ya sehemu moja ya kumi ya oksijeni inayobebwa na damu ya samaki wekundu wa jamaa zao. Wanaishi kwa sababu maji yao hukaribia nyuzi 2 chini ya sifuri, na maji baridi huyeyusha oksijeni nyingi, na pia kwa sababu mwili mzima umepangwa upya kuizunguka jeni iliyopotea: moyo mkubwa mno kwa kimo cha samaki huyo, mishipa mipana, damu nyingi mara kadhaa kuliko ya jamaa zao, na ngozi isiyo na magamba inayopitisha sehemu ya oksijeni. Baadhi wamepoteza hata mayoglobini ya moyo. Wengine huona hapa mafanikio ya mageuko. Mimi naona zaidi hasara iliyovumilika kwa sababu baridi iliiruhusu, kisha ikalipwa kwa nguvu nyingi, kwani kusukuma damu hiyo yote hula sehemu kubwa ya nishati ya samaki. Bahari ile ikipata joto, oksijeni iliyoyeyuka itapungua huku mahitaji ya mwili yakiongezeka, na samaki hawa hawatakuwa na seli nyekundu za kuongeza, hata figo zao zitoe homoni kiasi gani.